AJALI INA KINGA: Baisikeli, sheria na barabara ya Goma



Wazee walisema: «Ajali haina kinga.» Tunawaheshimu wazee, lakini kazi ya mgodi imetufundisha jambo jingine. Shimo lililozungushiwa uzio halimezi mtu. Mashine iliyofunikwa mkanda wake haikati vidole. Ajali nyingi zina kinga, ila watu hawakuiweka kwa wakati wake.

Na neno lenyewe linachekesha, maana kwetu Kongo watu wengi wakitamka «kinga» wanataka kusema baisikeli. Basi somo la leo ni juu ya kinga zote mbili: ile ya magurudumu mawili, na ile ya kuzuia ajali.

Kwa nini tuzungumze habari hii katika ukurasa wa Usalama na Afya? Kwa sababu mfanyakazi haanzi siku yake langoni mwa kampuni. Anaianza mlangoni mwa nyumba yake. Akivunjika mguu kule Birere au Majengo saa kumi na mbili asubuhi, bibi na watoto wanaumia sawasawa na kama angeuvunja mgodini.

1. NANI ANAKUFA BARABARANI?

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa duniani kwa ajali za barabara. Katika kila watu 100 waliokufa, 23 walikuwa wanatembea kwa miguu, 21 walikuwa juu ya pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu, na 6 walikuwa juu ya baisikeli. Jumla ni watu 50. Maana yake, nusu ya wafu wa barabara ni watu wasio na bati la kuwafunika. Mwili wao ndio bampa.

Sasa tazameni barabara ya Goma. Ndani ya njia moja utaona kamio, mabasi madogo, wamotari, baisikeli, mama aliyebeba mzigo mgongoni, wanafunzi, na chukudu. Chukudu ni chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Kimebeba viazi, kabeji, makala na mbao za mkoa huu tangu miaka ya 1970, hata mji umekijengea sanamu kubwa katikati ya mzunguko wa barabara. Sisi tunaihesabu chukudu pamoja na baisikeli, kwa sababu hatari zao ni ndugu: zote mbili hazina injini, hazina taa za kutosha, na hubeba mzigo kuliko breki zake.

2. SHERIA INASEMA NINI?

Nchi yetu ina sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, yenye namba 78-022. Nayo inafanana na mapatano ya mataifa yaliyofanyika Vienna mwaka 1968. Mambo makubwa yanayomhusu mwenye baisikeli ni haya:

— Kwetu tunapita upande wa kuume. Mwenye baisikeli naye apite kuume, karibu na ukingo.

— Mahali njia zinapokutana, kama hakuna alama wala polisi, anayetoka kuume kwako ndiye wa kwanza.

— Usishikilie gari linalokwenda ili likuvute. Usiache usukani kwa mikono yote miwili. Usibebe kitu kinachokuzuia kuendesha vizuri.

— Ukitaka kugeuka, tazama nyuma kwanza, kisha nyosha mkono.

— Baisikeli iwe na breki inayoshika, kengele inayosikika, kioo chekundu cha kung'aa nyuma, na usiku taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Sheria hizi ni nzuri. Kila mfanyakazi azijue, na azifundishe watoto wake. Lakini kila siku tunawaona watu wanaozijua na hawazifuati. Je, ni ukaidi tu?

3. BARABARA NAYO INASEMA

Ndugu msomaji, barabara pia ina mdomo. Sheria inamwomba mtu afanye hivi au vile. Barabara inamsukuma. Zikigombana, mara nyingi barabara ndiyo inayoshinda. Tutazame mambo manne.

Jambo la kwanza: ukingo mbaya. Sheria inasema, «Kaa ukingoni.» Lakini mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto hadi katikati ya mji na kuingia ziwani, na njia nyingi zikafunguliwa upya juu ya mawe yale. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena na kukata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Katika njia za mawe namna hii, magari hulainisha katikati, na vifusi vyenye meno husukumwa ukingoni. Mwenye baisikeli akikaa ukingoni, mpira unapasuka au anaanguka ndani ya mfereji wa maji usiofunikwa. Basi anapita katikati. Shofere anamwita kichaa, lakini yule mtu anakimbia mawe.

Jambo la pili: ukuta katikati ya barabara. Barabara kubwa ikigawanywa kwa ukuta au bustani, magari yanafaidi. Lakini mtu anayekaa upande huu na kufanya kazi upande ule, mita 50 tu mbele, analazimishwa kwenda mbali mpaka kwenye nafasi ya kugeuka, kisha arudi. Shofere hapungukiwi kitu, anakanyaga mafuta tu. Mwenye baisikeli aliyebeba mfuko wa kilo 50 analipa kwa jasho. Ndipo anapita kinyume, akikutana na magari uso kwa uso.

Jambo la tatu: mzunguko wa barabara. Kwa sababu tunapita kuume, gari linaloingia katika mzunguko hutokea kuume kwa lile lililomo ndani. Ukifuata sheria ya kuume peke yake, anayeingia ni wa kwanza, na aliyemo ndani asimame. Mzunguko unajaa na kufunga. Ndiyo maana mizunguko mingi duniani huwekewa alama ya kumwamuru anayeingia apishe. Pasipo alama inayoonekana, kila mtu anatumia sheria yake, na mwenye gari kubwa ndiye anayeshinda. Mwenye baisikeli anajifunza kupita haraka penye mwanya, si penye haki.

Jambo la nne: lami mpya. Sisi sote tunafurahi barabara ikitiwa lami. Vumbi linapungua, mipira inadumu. Lakini lami pana na iliyonyooka inamwambia shofere, «Kimbia!» hata kama kibao kinasema taratibu. Mashimo yalikuwa mabaya, ila yalikuwa yanapunguza mwendo. Yakiondoka, lazima kitu kingine kifanye kazi ile: matuta, yale tunayoyaita dos d'âne, au njia iliyopunguzwa upana mahali watu wanapovuka.

4. MWENDO UNAVYOUA

Tufanye hesabu kidogo. Tuchukue gari lenye breki nzuri, lami kavu, na shofere aliye macho, asiyekunywa pombe. Akiona hatari, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Katika sekunde ile gari linaendelea kukimbia.

— Kwa kilomita 30 kwa saa: mita 8 za kushtuka na mita 5 za breki. Jumla mita 13.

— Kwa kilomita 50 kwa saa: mita 14 za kushtuka na mita 14 za breki. Jumla mita 28.

— Kwa kilomita 60 kwa saa: mita 17 za kushtuka na mita 20 za breki. Jumla mita 37.

Sasa tuseme mwenye baisikeli ameanguka mita 20 mbele ya gari. Lenye kilomita 30 linasimama, na nafasi inabaki. Lenye kilomita 50 linamfikia likiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 35 kwa saa. Lenye kilomita 60 linamfikia karibu na mwendo wake wote. Na hii ni lami kavu. Juu ya changarawe au matope, ongezeni mita nyingine.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu mwenye baisikeli na mwenye chukudu. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kuzuia haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Mtu anayeshuka kutoka Kibumba na mamia ya kilo za viazi, akisimamisha chombo kwa kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, hawezi kusimama ghafula hata akitaka. Shofere asimkatie njia akidhani atasimama.

5. WENGINE WALIFANYA NINI?

Jirani zetu wa Burundi wanajua sana baisikeli. Katika milima inayoshuka mpaka Bujumbura, vijana huteremka na ndizi na makala, na kupanda wakishikilia nyuma ya kamio. Sheria inakataza, lakini mlima ni mrefu na tumbo halingoji. Mwezi Machi 2022 serikali yao ilikataza baisikeli, pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Kumkataza mtu njia ni rahisi. Lakini ule mzigo wa ndizi bado unatakiwa kufika sokoni, na yule kijana bado anataka kula.

Huko Kenya, barabara kubwa ya Nairobi kwenda Thika ilifunguliwa mwaka 2012. Ni barabara pana, nzuri kwa magari. Kwa wenye miguu walijenga madaraja ya kupita juu. Lakini pale daraja lilipokuwa mbali na kituo cha basi, watu wengi waliendelea kukimbia chini, katikati ya magari, na wengi wakagongwa. Watu wale walijua daraja liko wapi. Walipima urefu wa njia, uchovu na saa ya kazi, wakachagua vibaya. Daraja lingewekwa pale wanapopita, wengi wasingelazimika kuchagua.

Huko Ulaya, nchi ya Uholanzi leo inasifiwa kwa baisikeli. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara zake, na mamia kati yao walikuwa watoto. Wazazi walisimama na kupiga kelele. Nchi ilitunga sheria za mikanda na za pombe, lakini pia ilibadilisha barabara zenyewe: njia za baisikeli zilizotengwa na magari, na mitaa ya nyumba ambamo gari haliwezi kukimbia. Mwaka 2022 waliokufa walikuwa chini ya 800, ingawa magari yameongezeka sana. Hawakuzaliwa wapole kuliko sisi. Barabara zao zinawafundisha upole.

6. SOMO LA MGODI

Jambo hili lisitushangaze sisi watu wa mgodi. Penye hatari hatuanzi na kibao cha «Jihadhari». Kwanza tunauliza: hatari inaweza kuondolewa? Kama haiwezi, tunawatenga watu nayo: kamio kubwa zina njia yao, watu wa miguu wana yao, na katikati tunaweka tuta la udongo. Baada ya hayo ndiyo zinakuja amri na alama. Kofia ngumu inakuja mwisho, kwa sababu kofia haizuii jiwe kuanguka, inapunguza jeraha tu.

Lakini tukitoka nje ya lango, tunageuza mambo juu chini. Mtu akigongwa, swali la kwanza ni: «Alikuwa amevaa kofia?» La pili: «Alikuwa upande wake?» Kisha tunaandika katika karatasi ya ajali: «Mwenye baisikeli alivunja sheria,» na tunafunga kitabu. Wiki mbili baadaye mwingine anagongwa mahali pale pale.

Ndugu zangu, mahali panapoumiza watu wawili kwa namna moja, kosa si la watu wawili peke yao. Pale mahali nako pana kosa. Karatasi ya ajali isiyouliza habari za barabara ni karatasi nusu.

Hatusemi hivi ili kumpa mtu ruhusa ya kuvunja sheria. Barabara mbaya haimponyi mtu kwa kuwa alikuwa na sababu. Wewe uliyekuwa juu ya baisikeli ndiwe utakayelala hospitali. Kwa hiyo tushike mambo yote mawili: tufuate sheria leo, na tutengeneze barabara kwa ajili ya kesho.

7. LA KUFANYA

Wewe mwenye baisikeli au chukudu:

— Jaribu breki kabla ya kupanda, hasa ukiwa na mzigo. Katika mteremko punguza mwendo mapema, usingoje kona.

— Kamio inayotaka kugeuka kuume ni mtego. Usijipenyeze kati yake na ukingo. Shofere aliyekaa kushoto hakuoni kule. Baki nyuma mpaka igeuke.

— Fahamu kwamba katika mji wetu magari mengi yana usukani kuume. Shofere wa gari namna hii akitaka kupita mwenzake, lazima alitoe gari nusu katikati kabla hajaona kilicho mbele. Ukikutana na foleni ya magari, tazamia kwamba mmoja anaweza kuchomoka.

— Kama ni lazima upite mahali pa kinyume, shuka, usukume. Anayesukuma baisikeli kando ya njia anapoteza dakika tatu. Anayepanda kinyume anaweza kupoteza miaka yote iliyobaki.

— Usiku na alfajiri vaa nguo nyeupe au kizibao cha kung'aa kama kile cha kazini. Taa ni ya kukuonyesha wewe kwa wengine, zaidi ya kukuonyesha njia.

Wewe shofere wa kampuni:

— Ukimpita mwenye baisikeli, mwachie zaidi ya mita moja na nusu. Kama nafasi haipo, ngoja. Yeye anakwepa jiwe usiloliona.

— Usimpigie honi ukiwa mgongoni pake. Akishtuka, ataangukia upande wako.

— Penye shule, soko na mzunguko, kilomita 30, hata kama lami inakuita.

Nyinyi makapita na kamati ya usalama:

— Chorani ramani ya njia wanazotumia wafanyakazi kuja kazini. Kila ajali, na kila ajali iliyokosa kidogo kutokea, itiwe alama. Baada ya miezi sita mtaona penye kosa.

— Mambo mengine hayahitaji fedha nyingi: kufagia vifusi ukingoni karibu na lango, kufunika mfereji, kupaka rangi nyeupe mawe ya kona, kuacha nafasi tambarare pembeni ya tuta ili baisikeli na chukudu zipite bila kurushwa au kukimbilia mferejini.

— Tazameni saa za kazi. Kama kamio zinatoka langoni saa ile ile zamu inapoingia, sogezeni moja kwa nusu saa. Hii ni kinga isiyogharimu hata faranga moja.

— Penye kazi iliyo juu ya uwezo wenu, pelekeni ramani ile kwa wakubwa wa kampuni na wa mji. Malalamiko ya mdomo yanasahauliwa. Ramani yenye alama nane mahali pamoja ni vigumu kuipuuza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KABLA YA ZAMU

1. Kati ya nyumba yako na lango la kazi, ni mahali gani unapovunja sheria ya barabara kila siku? Ni nini mahali pale kinachokusukuma?

2. Gari la kilomita 50 kwa saa linahitaji mita ngapi kusimama? Pimeni mita hizo kwa hatua mbele ya lango, mshangae.

3. Katika ajali ya mwisho mliyoisikia, nani aliulizwa habari za barabara?

4. Ni kitu gani kimoja zamu yenu inaweza kukitengeneza mwezi huu kwa sepetu na rangi tu?

Jibu la swali la nne liandikeni, mumpe mtu wa usalama. Tuonane toleo lijalo, wote na miguu miwili.

FIKA KAZINI SALAMA, RUDI NYUMBANI SALAMA.